Kutoka Chipu Yenye Taji Hadi Kigeuzi cha Dola 9

Kigeuzi cha dijitali kwenda analogi ni sakiti inayopokea mfululizo wa namba na kuurudisha katika hali ya umeme unaopanda na kushuka, ambao amplifaya huukuza na spika huutoa kama sauti. Kila simu na kila runinga ya kisasa ina sakiti ya aina hiyo ndani yake. Hata hivyo, kwa miaka mingi wapenzi wa muziki waliamini kwamba kigeuzi kizuri ni lazima kiwe kifaa cha pekee, chenye sanduku lake zito na bei ambayo wachache tu waliimudu. Imani hiyo haikuzuka hewani, kwa kuwa palikuwa na wakati ambapo usahihi wa sauti ulikuwa kweli kitu adimu na cha gharama.

CD zilipoanza kuuzwa nchini Japani mwezi Oktoba 1982, kwa viwango vilivyokubaliwa kati ya Sony na Philips ya Uholanzi, sauti iliyorekodiwa ilipimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kwa biti 16, yaani kwa namba moja kati ya 65,536 zinazowezekana. Njia iliyozoeleka ya kuzigeuza namba hizo ilikuwa ngazi ya rizista, vipande vinavyopunguza mkondo wa umeme, ambapo kila biti huchangia nusu ya kile kinachochangiwa na biti iliyo juu yake. Ugumu ulikuwa hapo hapo, kwa sababu biti ya juu kabisa ikikosea kwa sehemu tatu tu kati ya 100,000, kosa hilo hulingana na mchango wote wa biti ya chini kabisa. Philips, ambao chipu yao TDA1540 ilikuwa na biti 14 tu, walikwepa sehemu ya ugumu huo kwa kukokotoa vipimo vya ziada hadi vikafika mara nne ya idadi ya awali, na kwa kuisukuma sehemu ya kelele ya makosa hadi kwenye masafa yasiyosikika na binadamu. Humo ndimo ilimokuwa mbegu ya mabadiliko yote yaliyofuata, kwani hesabu ilikuwa imeanza kufanya kazi iliyotegemewa kutoka kwa usahihi wa rizista.

Chipu iliyokuja baadaye, TDA1541A, inaonyesha vizuri jinsi ubora ulivyokuwa suala la bahati ya kiwandani: chipu za muundo mmoja zilipimwa baada ya kutengenezwa, na zile chache zilizotoka sahihi zaidi zikachapwa alama ya taji juu yake na kuwekwa katika mashine za bei kubwa. Mnunuzi aliyelipa zaidi alipata kweli kitu tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1980, hata hivyo, vilienea vigeuzi vya delta-sigma, ambavyo hutumia biti moja au chache zinazobadilika kwa kasi kubwa mno, kisha kichujio huondoa kelele iliyohamishiwa nje ya masafa ya kusikika. Kwa kuwa kazi hiyo hufanywa zaidi na hesabu ndani ya silikoni, bila kutegemea rizista zilizolinganishwa kwa uangalifu, chipu ya milioni moja haina sababu ya kuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Bei za vifaa vyenyewe zilichelewa kufuata, na anguko lililoonekana wazi lilikuja mwaka 2012, ambapo kampuni ya Marekani ya Schiit Audio ilitoa Modi kwa dola 99, na mhandisi asiyejulikana jina lake halisi, aliyejiita NwAvGuy, akakamilisha ODAC, kigeuzi kidogo cha USB kilichotanguliwa na amplifaya yake ya O2. Mchango wake mkubwa, ambao unastahili heshima kuliko kifaa chenyewe, ulikuwa kuchapisha vipimo vyote na kudai kwamba bei isiwe ushahidi wa sauti. Kisha, mwaka huo huo, akanyamaza na hakusikika tena.

Vipimo hivyo huhesabu hasa kelele na upotoshaji, yaani vitu ambavyo kifaa huviongeza bila kuombwa. Biti 16 zinaruhusu tofauti ya takriban desibeli 98 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele, na vigeuzi vingi vya chini ya dola 150 sasa hupita hapo. Masikio nayo yalijaribiwa: utafiti wa Meyer na Moran, uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Audio Engineering Society, uliwapa wasikilizaji rekodi za ubora wa juu kuliko CD, mara zikiwa zimepitishwa katika kiwango cha CD na mara hazijapitishwa, na katika majaribio 554 majibu sahihi yalikuwa karibu nusu, sawa na kubahatisha. Majaribio ya namna hiyo huhitaji kulinganisha ukubwa wa sauti kwa makini, kwa sababu kifaa kinachotoa volti zilizozidi hata kidogo husikika kikiwa na uhai zaidi, na huenda mauzo mengi ya vifaa ghali yamepatikana kwa tofauti hiyo peke yake.

Moto ulioteketeza kiwanda cha chipu cha kampuni ya AKM mjini Nobeoka, Japani, Oktoba 2020, ulidhihirisha ukaribu uliokuwa umefichika. Kigeuzi cha Topping E30 cha takriban dola 130 na kile cha RME ADI-2 DAC kilichouzwa kwa mara kadhaa ya bei hiyo vilikuwa vikitumia chipu moja ya AKM, AK4493. Hiyo haina maana kwamba kampuni ya RME iliwauzia watu sanduku tupu, maana kifaa chao kina vidhibiti vya sauti vya kina na amplifaya imara ya hedifoni, vitu ambavyo anayevihitaji hulipia kwa haki.

Adapta ya hedifoni ya Apple ya USB-C ya dola 9, iliyotoka mwaka 2018, ina kigeuzi kamili chenye kelele ndogo mno. Udhaifu wake uko kwenye nguvu: toleo la Marekani hutoa volti 1 na lile la Ulaya nusu yake, kiasi kinachotosha hedifoni nyingi nyepesi lakini hakitoshi zile za studio zenye ukinzani wa omu 300. Kwa hizo, fedha iende kwenye amplifaya.