Ingia Mchezoni Kama Mgeni

Kasongo

Mwanangu mpendwa,

Mpunga umeshavunwa, na baba yako mkubwa anakusalimu sana. Barua yako nimeipata kwa wale vijana wanaosukuma baiskeli za mawese.

Unasema watoto wanashinda uani wakicheza ovyo, wanaongea na watu wasioonekana, na kwamba umekusudia kuwakomesha ili washike madaftari. Kwa hilo, mwanangu, nakuomba usifanye haraka.

Nilipokuja kwenu Kabambare msimu wa mvua, wewe ulikuwa kazini kutwa. Mimi ndiye niliyekaa nao. Mwanao alikuwa na lori la kopo la sadini. Magurudumu ameyakata kwenye kandambili kuukuu, na usukani ni waya mrefu unaomfika kifuani. Alimwaga maji, akalizamisha lori lake topeni, akashika kiuno na kuwaamuru abiria washuke wasukume. Abiria wenyewe ni mawe. Halafu akafunga kamba kutoka kwenye mwembe hadi ukuta wa jikoni, ikawa kizuizi. Mimi nilikuwa napita zangu na ndoo. "Bibi, simama! Unatoka wapi? Kitambulisho kiko wapi?" Nikamlipa majani ya mwembe. Akayahesabu kwa makini, akanirudishia chenji, ndipo akafungua njia. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Dada yake alikuwa na gunzi la muhindi, amelivika kitambaa na kulibeba mgongoni kwa kipande cha kikwembe. Akalitundika tawini kama watoto wanavyopimwa kilo kwenye kituo cha afya, akaandika uzito juu ya jani, kisha akalidunga sindano ya kijiti. "Pole, mama, pole, imekwisha." Sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa ya muuguzi aliyembembeleza siku ya chanjo, na kwa kuisikia tu nikajua kwamba mjukuu wangu alihudumiwa kwa huruma.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Mtoto hana maneno ya kutosha kukueleza aliyoyaona, basi anayacheza. Ukikaa karibu utayajua yaliyomo moyoni mwake, nawe utapata furaha isiyonunuliwa sokoni. Ukimfukuza, atanyamaza, na ukimya huo utaudhania kuwa adabu.

Kuhusu shule, mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, kwa hiyo nisikilize. Msomi wa Kirusi, Lev Vygotsky, alieleza mwaka 1933 kwamba mtoto anayepanda fimbo na kuiita farasi amejifunza jambo kubwa: kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Kwetu fimbo huwa pikipiki, lakini akili ni ileile. Herufi nayo ni mchoro tu uliosimama badala ya sauti. Tena alisema mchezo una sheria zake. Tazama mwenyewe: mtoto asiyetulia hata wakati wa kula, akipewa kuwa mgonjwa, atalala kimya hadi daktari amruhusu kuinuka. Anajifunza kujitawala, na hakuna aliyemshikia fimbo.

Na kama unahofia heshima ya baba, kumbuka hadithi aliyoipokea Imam an-Nasai. Mtume, rehema na amani zimshukie, alirefusha sijda hadi watu wakadhani kuna jambo limempata. Baada ya sala akaeleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha kabla hajatosheka. Kama sijda ilimsubiri mtoto, na mazungumzo yetu ya barazani yasubiri.

Sasa namna ya kuingia. Ingia kama mgeni. Ukiletewa wali wa mchanga na sombe ya majani, pokea kwa mikono miwili, tia kinywani kwa uongo, sifu upishi. Usimwambie gari halina milango mitatu, wala usimpokonye usukani umfundishe kuendesha. Akikupa kazi ya kuwa abiria, kaa nyuma. Usikimbilie kuwanunulia vitu vya plastiki. Waachie makopo, magunzi, vitambaa na udongo. Wewe linda vinavyoua tu: moto, maji ya mto, na vyuma wasivyovijua wanavyookota porini. Vyuma hivyo wakataze kabisa kuvigusa.

Liko jambo moja zito zaidi. Hapo kwenu wako watoto waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya bunduki, nao huja kucheza na wako. Usishtuke ukiwaona wanajitwika mizigo kichwani na kukimbia, mmoja akiwa askari. Usiwacheke, usiwapige. Kaa karibu, na mchezo ukifika mwisho uliza polepole, "Na hapa tulipofika, nani anatupokea?" Waache wajenge nyumba ya kufikia. Ila ukiona mtoto anarudia mchezo uleule siku zote bila kupata nafuu, halali, hali, basi zungumza na wazazi wake, mumtafutie msaada.

Kongo yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kucheza. Lakini sheria haiwezi kukaa mkekani na watoto wako. Hiyo ni kazi yako. Madaftari yana saa yake, nami siyadharau. Jioni ukirudi, kabla ya kuuliza masomo, waulize leo mnacheza nini na mimi ni nani. Baada ya miaka michache hawatakupa tena nafasi yoyote katika mchezo wao. Ichukue sasa ungali unaitwa.

Msalimie mkeo, wabusu watoto. Mungu akukuzie.

Mama yako mkubwa