Mombasa kwa Mara ya Kwanza

Treni ya SGR ilitufikisha Miritini mchana, joto la pwani likatupokea mlangoni. Nilikuwa nimeisoma Mombasa tangu shule ya msingi, na hamu yangu kubwa ilikuwa kuiona ngome ya Fort Jesus. Nikaweka mizigo nilikofikia, nikashika njia.

Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ili ilinde bandari. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Ukiyakaribia unaona vitundu na michirizi ya viumbe wa baharini wa kale. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696, na waliokuwa ndani wakateketea kwa njaa na maradhi hadi ilipotekwa Desemba 1698. Baadaye Waingereza waliigeuza gereza. Leo adui wake ni mawimbi yanayoula mwamba ulioibeba, ndiyo maana umejengwa ukuta mwingine upande wa bahari kuikinga.

Kutoka hapo nikaingia Ndia Kuu, katika Mji wa Kale. Roshani za mbao zimetokeza juu ya vichwa vya wapita njia, na milango imechongwa maua kwenye miimo yake. Mzee mmoja barazani akaipokea shikamoo yangu: "Marahaba mwanangu, karibu kahawa." Tukanywa kahawa tungu kwa kashata ya nazi. Akanionyesha roshani yake iliyoanza kuoza. "Fundi wa kuchonga namna hii siku hizi ni wa kutafuta," alisema, "na mbao zenyewe ghali." Hata hivyo hataki kuibomoa; babake alizaliwa katika nyumba hiyo.

Jioni nilikwenda Mama Ngina, ufuo uliokarabatiwa upya mwaka 2019. Watu wamejaa chini ya mibuyu wakila viazi karai kwa ukwaju, na meli za makontena zinapita karibu kabisa zikielekea bandari ya Kilindini. Nilipapenda mno.

Nchi iliyoweza kuupendezesha ufuo ule inaweza pia kumsaidia mzee yule kupata fundi na mbao. Fort Jesus ina tiketi na walinzi. Nyumba za Ndia Kuu zina wenyewe tu. Ukienda Mombasa, usiishie ngomeni. Tembea vichochoroni, kula humo, lala humo ukiweza, pesa yako iwafikie wanaoutunza mji huo kwa mfuko wao.