Uzamivu, mahindi na geti la Lodoare

Jamani, nimepotea kidogo. Kila nikitoka kazini najifungia na andiko la utafiti la kuombea nafasi ya uzamivu. Kurasa 10 tu, wamesema. Habari ya ukurasa wa mbele naimaliza kwa saa 2, lakini swali moja la utafiti limenila wiki 3.

Eneo nilishachagua: Ngorongoro. Balaa likaanzia hapo, maana kama kuna mahali Tanzania pamechunguzwa mpaka pakachoka, ni pale. Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai mwaka 1959, mwaka uleule hifadhi ilipoanzishwa kisheria na Wamaasai waliotolewa Serengeti wakaambiwa wataishi hapo, wao, mifugo yao na wanyamapori. Tangu hapo wasomi wamepishana njiani. Kaj Århem alitoa kitabu chake mwaka 1985, Katherine Homewood na W. A. Rodgers wakafuata mwaka 1991, Issa Shivji na Wilbert Kapinga wakaandika kuhusu haki za Wamaasai mwaka 1998. Na hao ni wachache tu. Halafu chuo kinataka nionyeshe "pengo", yaani kitu ambacho wote hao wamekiacha. Haya, nikatafute!

Marafiki wananiambia, wewe mwandishi wa habari bwana, andika kuhusu kuhama. Ni kweli habari iko hapo. Familia zilianza kuondoka kwenda Msomera, Handeni, mwezi Juni 2022, na Agosti 2024 wananchi walijitokeza kwa maelfu barabarani kupinga mambo yao yanavyoendeshwa. Kila mtu ana msimamo, hata kinyozi wangu.

Mimi nimekataa, na sababu ni hii. Ukimfuata mzee kwenye boma lake leo, una karatasi mkononi, ukamuuliza "ungependa kuhama au kubaki?", hilo kwake si swali la utafiti. Atajuaje nani kakutuma? Atajuaje hiyo orodha inaishia wapi? Na hojaji ina idadi ya kaya, jina la kitongoji na hesabu ya ng'ombe. Hata ukificha jina, jirani yake atamtambua kwa hesabu ya ng'ombe tu.

Kwa hiyo nimeangukia kwenye mahindi. Msicheke.

Ukitoka Karatu mjini kwenda geti la Lodoare, unapita kwenye mashamba. Wairaqw wanalima mahindi, maharage, ngano, na mashamba yanasogea mpaka kwenye ukingo wa msitu wa hifadhi. Ukivuka tu mpaka huo, jembe ni kosa. Kilimo ndani ya hifadhi kilipigwa marufuku mwaka 1975. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela akaruhusu vishamba vidogo, baadaye marufuku ikarudi. Udongo haukujua lolote kati ya hayo.

Sasa, wale wa ndani wanakula nini? Wageni wengi wanadhani maziwa na damu. Wanakula ugali, kama mimi na wewe. Wakazi walikuwa kama 8,000 mwaka 1959, leo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na ng'ombe hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Maziwa hayatoshi. Basi mbuzi anashuka kwenda mnadani, mahindi yanapanda kwenda bomani. Ukija ukame, mbuzi anakonda na bei yake inaanguka, wakati huohuo bei ya mahindi inapaa. Amartya Sen alilieleza jambo hili mwaka 1981 akiandika kuhusu njaa za Ethiopia na Sahel: mfugaji anaweza kufa njaa chakula kikiwa sokoni, kwa sababu mnyama wake hanunui tena nafaka ileile.

Swali langu basi: kaya moja ndani ya geti inauza mbuzi wangapi kwa mwaka ili inunue ugali ambao hairuhusiwi kuupanda? Nafuata bei miezi 12, kiangazi na masika. Nazungumza na kina mama wanaonunua unga na wafanyabiashara wa Karatu wanaouuza. Simuulizi mtu kama anataka kuhama.

Profesa mmoja niliyemwandikia amejibu kwamba swali ni dogo mno. Sikubaliani naye, ila kuna kitu kinaninyima usingizi zaidi ya jibu lake. Nikiipata hiyo namba, mmoja ataichukua aseme "mnaona, maisha humo hayawezekani, wahamisheni". Mwingine ataichukua ileile aseme "warudishieni vishamba vyao". Gazetini ningeipa kichwa cha habari na mhariri angeamua. Kwenye tasnifu namba ikishatoka haina mhariri. Nimeandika aya nzima kuhusu hilo chini ya maadili ya utafiti, nikaifuta, nikairudisha. Kwa sasa ipo.

Kibali kinaombwa COSTECH, na kwa kuwa ni ndani ya hifadhi, kuna TAWIRI na Mamlaka ya Ngorongoro pia. Hayo yatakuja nikipata nafasi. Kwa leo nimekwama kwenye vipimo: debe la huyu si debe la yule, na gunia la lumbesa halina mwenzake. Lazima nipime kwa kilo. Mwenye kujua panapouzwa mzani mzuri wa kuning'iniza, usiokula mshahara wote wa mwandishi, aniambie.