Machozi Uwanjani

Sisi tupigao picha za michezo huulizwa na akina mama: mnawezaje kumpiga picha mtu anayelia? Swali hilo ni zito. Mhariri hutaka mshindi, nasi humletea. Lakini filimbi ya mwisho ikilia hatufungi kamera, maana ndipo nyuso huanza kusema.

Fikirini Barcelona, Agosti 1992. Katika nusu fainali ya mita 400, Derek Redmond wa Uingereza alichanika msuli wa paja. Akainuka, akaendelea kwa kurukaruka na mguu mmoja. Baba yake, Jim, akawapita walinzi, akamshika, wakaenda pamoja hadi mwisho. Orodha rasmi ya matokeo yasema hakumaliza. Picha zinaonyesha baba na mwana wakivuka mstari.

Derek alilia begani mwa baba yake. Tungegeuza kamera? Hapana. Picha moja, mbili, kisha tungeishusha. Zamani filamu ya picha 36 ilituzuia yenyewe. Kamera za leo hupiga makumi kwa sekunde, na kidole husahau upesi. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza mara ya tatu twamfikiria mama wa mchezaji, ambaye kesho atafungua gazeti.