Mama Alikuwa Ananiita Daktari

Tangu nikiwa darasa la sita hapa Kakuma, mama alikuwa ananiita Daktari. Majirani wa bloki yetu wakalishika jina. Usiku mtoto akipata homa, mtu anagonga mabati yetu: "Daktari yuko?" Nilikuwa na miaka 13. Nilichoweza ni kuwaambia tu wampeleke kliniki.

Kila fomu iliyonifikia niliandika neno hilohilo. Fomu za shule, za ufadhili, za semina za vijana zenye lile swali: "Unataka kuwa nani?" Daktari. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Tulitoka Fizi mikono mitupu, na mama alihitaji kitu cha kutazamia kilicho kikubwa kuliko mgao wa chakula.

KCSE nilipata C. Hapa Kenya digrii inaanzia C+. Nikarudia mtihani, nikasoma kwa tochi mwaka mzima, nikapata C ileile. Ndugu msomaji, siku ile sikurudi nyumbani mpaka giza. Nilikaa kwenye laga nikichorachora mchanga.

Baadaye nikapata kazi ya insentivu, kutafsiri Kibembe kliniki. Nilifurahi vibaya: angalau nitakuwa karibu na madaktari. Siku moja akaja bibi mmoja, anasema moto unatembea mgongoni. Nikatafsiri hivyohivyo, akaandikiwa dawa ya maumivu. Alikuwa anainuka nikamwuliza, "Koko, huo moto ulianza lini?" Akasema ulianza siku alipopigiwa simu kuhusu mwanawe. Nikamweleza daktari. Akaweka kalamu chini, wakaanza kuongea upya, mimi katikati, karibu saa nzima.

Jioni nikakumbuka kwamba sikuwa nimekula tangu asubuhi. Kilichonishangaza zaidi, sikumwonea daktari wivu. Kiti nilichokitaka ni kile nilichokalia, cha plastiki, katikati ya watu wawili wasioelewana.

Ilinichukua miezi kumwambia mama. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikasema sitarudia mtihani mara ya tatu, nataka kusomea diploma ya kazi za jamii, na kwa sasa nitafanya kazi na vijana. Hakugomba. Alichambua mpaka yakaisha, kisha akasema, "Sasa nikuite nani, mutoto wangu?" Sikuwa na jibu. Siku nyingi zikapita haniiti jina lolote.

Siandiki haya ili kusema ukifuata moyo mambo yananyooka. Insentivu haifiki mwisho wa mwezi, wote tunajua. Ada ya diploma bado naitafuta. Kuna usiku najiuliza kama nilichagua au nilichoka tu. Nadhani ni vyote viwili.

Lakini mwezi uliopita kwenye kikundi changu, kijana mmoja aliacha lile swali wazi. Akaniuliza, "Yaya, wewe uliandika nini?" Nikawasimulia habari ya koko na moto wake. Halafu tukageuza fomu, nikawaomba waandike nyuma: ni kazi gani umefanya wiki hii mpaka ukasahau kula? Mmoja akasema, "Kama chakula chenyewe hakuna, nitasahau nini?" Tukacheka sana. Kisha wakaandika. Msichana mmoja huandikia majirani barua za kuomba huduma. Mwingine hutengeneza sola za watu bila kudai pesa. Yule aliyeniuliza aliandika "kusuka nywele," akafunika karatasi kwa mkono kwa sababu ni mvulana.

Wenzetu wa mashirika, fomu zenu zinatuuliza tunataka kuwa nani baada ya miaka 5. Sisi hata mwezi ujao hatuujui. Ongezeni swali la wiki hii. Na nyinyi wazazi, msitucheke tukijibu kitu kidogo. Mvulana yule siku hizi anasuka chini ya mti karibu na bomba la maji, na wateja anao.

Juzi usiku mtu aligonga mabati tena, akaita Daktari. Nikasikia mama anajibu kutoka kitandani: "Daktari hayuko. Ni mtafsiri tu ndiye yuko." Halafu akaja akanitikisa mguu. "Amka," akasema. "Kuna mutu ana shida, nenda umusikilize."