Usisaini Kwanza, Mpwa Wangu

Arlington, Virginia

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mwenye lebo ya muziki ameipa bendi yenu mkataba wa miaka mitano, amewaahidi video na gari la kuzungukia mikoani, na anataka saini zenu Ijumaa. Mama yako naye kanipigia, anasema siku hizi hulali. Basi tulia kidogo, nikusimulie habari za mtu mmoja wa huku ninakoishi.

Anaitwa Ian MacKaye, mzaliwa wa Washington, mwaka 1962. Muziki wake ni panki. Najua kwenu panki ni mtindo wa kunyoa nywele, lakini huku ni muziki wa magitaa yanayonguruma, dramu za mbio na nyimbo fupi. Wimbo wake mmoja uliozunguka dunia nzima una sekunde 46 tu. Aliimba humo kwamba yeye hana haja ya dawa za kulevya, na vijana wa nchi nyingi wakaufanya msimamo wao wa maisha. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani redio imeharibika. Mimi pia masikio yalikataa. Kilichonivuta ni namna alivyoiendesha kazi yake.

Mwaka 1979, akiwa bado shuleni, aliunda bendi na wenzake watatu, wakaiita Teen Idles. Yeye alipiga bezi. Walikuwa wamewaona Bad Brains, vijana weusi wa mji huohuo wa Washington, wakipiga panki kwa ustadi ambao hakuna aliyewakaribia, wakajua kumbe si lazima utoke London ndipo usikike. Ile bendi yao ilidumu mwaka mmoja tu. Lakini kila pesa waliyolipwa hawakugawana. Waliitia kwenye kiboksi kilichokuwa cha sigara. Walipovunja bendi mwishoni mwa 1980, kiboksi kilikuwa na kama dola 600.

Hapo ndipo nataka usimame, mpwa wangu. Bendi imekufa, pesa ipo, vijana ni wanne. Hesabu ya kugawa ni rahisi, kila mmoja na dola zake 150. Wao wakakubaliana waitumie yote kutoa santuri, ili kile walichokifanya kisipotee. Hakuna kampuni iliyowataka, na wao hawakwenda kubisha hodi kwa yeyote. Yeye na mpiga dramu wao, Jeff Nelson, wakaanzisha lebo, wakaipa jina Dischord. Wakachapisha nakala 1,000.

Kava hawakujua hata linatengenezwaje. Wakachukua la santuri iliyotoka Uingereza, wakalibandua taratibu, wakalilaza mezani na kulichora mistari ya kukunja. Wakapeleka kwa mchapaji, karatasi ziliporudi wakakaa chini na mikasi na gundi: kata, kunja, bandika. Nyakati zile za mwanzo walibandika makava kwa maelfu, marafiki wakiwasaidia. Na usidhani walikuwa wanakula kwa muziki. MacKaye alichota aiskrimu dukani, akakata tiketi kwenye sinema, akaendesha gari la kusambaza magazeti. Santuri ilipouzwa, pesa yake ilikwenda kutoa santuri ya bendi nyingine ya rafiki zao.

Lebo ile ipo hadi leo, na imetoa muziki wa bendi za Washington na viunga vyake tu. Mikataba ya maandishi hawakuitumia. Walipeana mikono, gharama zikisharudi wakagawana faida na wasanii. Kwako sipendekezi hilo la kupeana mikono. Wale walijuana tangu utotoni, na huyo mwenye lebo wako umemjua wiki tatu.

Mwaka 1987 alianza kupiga na Fugazi, bendi iliyomkuza kuliko zote. Kiingilio walikipanga wenyewe, aghalabu dola 5, na mlangoni hakuzuiwa mtoto wa shule kwa sababu ya umri. Fulana za kuuza hawakutengeneza. Watu wakianza kupigana ukumbini, yeye alisimamisha muziki, akazungumza na mkorofi mbele ya wote, na asiyetulia alirudishiwa dola zake 5 na kutolewa nje. Mwaka 1993, baada ya onyesho New York, aliwafuata Ahmet Ertegun mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Atlantic, lebo iliyomtoa Ray Charles. Aliwataka. Wakamshukuru, wakabaki na lebo yao.

Mimi niliwaona kiangazi kimoja mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapo Fort Reno, uwanja wa wazi wa Washington, maonyesho ya bure. Nilitoka kazini na viatu vya kazi miguuni. Watu wamekaa kwenye majani, wengine na watoto wachanga, pombe hairuhusiwi. Jukwaa dogo la mbao, hakuna moshi wala taa za rangi. Nikamwona jamaa mwenye kichwa kilichonyolewa anapiga gitaa mwili mzima, jasho linamtiririka. Bendi ilipumzika miaka michache baadaye, lakini mamia ya maonyesho yao walikuwa wameyarekodi wenyewe, na tangu 2011 wanayauza wenyewe. Kanda zote ni zao, ndiyo maana waliweza.

Sasa nikwambie nisichowahi kumwambia hata mama yako. Ile bendi yetu ya dansi, ambayo picha yake ipo sebuleni kwa bibi, tulirekodi nyimbo nane. Mwenye studio alitupa karatasi, tukasaini tukiwa tumesimama, kalamu ikipita mkono kwa mkono. Mwaka uliofuata nilipanda daladala Kariakoo, nikasikia sauti yangu. Konda anaimba pamoja nami. Nikashuka kituo kinachofuata, nikainunua kanda yangu mwenyewe kwa pesa yangu. Hatukupata hata senti moja, na kanda mama, ile rekodi ya asili, sijaiona tena hadi leo. Nilipousoma ujumbe wako, nilikikumbuka kile kituo cha daladala.

Sikukatazi kufanya kazi na mtu. Wapo wenye lebo waaminifu, na video nzuri ina gharama. Lakini mko watano, mna gitaa, mna simu zinazorekodi, na harusi mnazopiga kila Jumamosi zinalipa. Chukueni hizo pesa za miezi mitatu, msigawane, ziwekeni kwa mmoja mnayemwamini, mkarekodi nyimbo nne na kanda mama ibaki kwenu. Mkishakuwa na kitu mkononi, mtazungumza na mwenye lebo mkiwa mmekaa.

Sajilini pia nyimbo zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hilo msilicheleweshe. Ule mkataba nipigie picha kurasa zote, hata zile za maandishi madogo, unitumie kabla ya Ijumaa. Nina rafiki wakili Dar atausoma bure. Mpaka atakapomaliza, kalamu usiishike.

Msalimie mama yako, na bibi mwambie pesa ya dawa nimetuma.

Mjomba wako akupendaye