Mtoto wetu ana SS, na karatasi yangu niliificha

Uvira, Kivu ya Kusini

Mmezoea kusoma hapa habari za barabara, mafuriko na bei ya unga. Leo naomba niwaeleze habari ya nyumbani kwangu.

Binti yetu wa miaka 9 ana ugonjwa wa damu unaoitwa drepanositozi. Hapa Uvira tunasema kwa ufupi: SS. Majirani zetu wa Tanzania wanauita selimundu, kwa sababu chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo na kufa mapema. Ndiyo maana mtoto analia mifupa usiku, na damu inapungua.

Mwezi uliopita ilipungua sana. Hospitalini hapakuwa na damu ya kundi lake, tukaambiwa tutafute watu wa kutoa. Nilimpiga mtoto picha kitandani, nikaiweka Facebook na kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu. Haikupita nusu ya siku, vijana wawili nisiowajua walifika na pikipiki, wakanyoosha mikono. Mtoto alivuka hatari. Hilo siwezi kulisahau.

Lakini maneno chini ya picha yaliendelea. Wengi waliandika "pole" na "Mungu ndiye muganga". Mmoja alitoa namba ya muuza mizizi "inayogeuza SS kuwa AA". Nawaambia wazi: mizizi ya namna hiyo haipo. Kisha shangazi yangu akatuma sauti kwenye grupu: "Ugonjwa huu kwetu haukuwepo. Umetoka kwa mama yake." Watu watano wakaweka dole gumba.

Mke wangu yumo kwenye grupu hilo. Aliisikiliza sauti ile akiwa kando ya kitanda, akaweka simu chini, akaendelea kumkanda mtoto miguu. Hakuniambia kitu.

Jibu nilikuwa nalo. Miaka 7 iliyopita tulipimwa sisi wawili: yeye AS, mimi AS. Mtoto hawi SS mpaka apokee S moja kwa baba na S moja kwa mama. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto wa SS. Karatasi yangu ilikuwa kwenye sanduku la nguo. Mimi ninayewauliza wakubwa kila wiki kwa nini wanaficha ukweli, nilinyamaza siku tatu.

Siku ya nne niliipiga picha karatasi ile, nikaituma na maneno haya: "Shangazi, kwa heshima yote, S moja ni yangu. Imetoka kwetu." Grupu lilinyamaza mpaka jioni. Usiku, ndugu watatu waliniandikia pembeni. Mmoja anaoa mwaka huu, akauliza kipimo kinafanyiwa wapi. Mwingine alifiwa na watoto wawili, na siku zote alidhani jirani aliwaroga. Shangazi hajajibu mpaka leo.

Mke wangu nilimwomba msamaha kwa mdomo, si kwa meseji.

Tuliporudi nyumbani, binti yetu alichukua simu yangu kucheza, akaiona picha. "Papa, kwa nini uliwaonyesha watu nikilia?" Nilianza kumwelezea habari ya damu. Akaniambia: "Si ungeandika tu?"

Nimeifuta. Siku nyingine tukihitaji damu nitaandika kundi, hospitali na namba yangu ya simu. Uso wake utabaki wake. Nanyi mnaotaka kuoana, nendeni mkapimwe kwanza, wote wawili, na karatasi msizifiche sandukuni.